Trio na kikomo cha muda katika seva za Python: tathmini

Trio ni maktaba ya Python ya kuandikia programu za asinkroni, yaani programu ambamo thredi moja (mfululizo mmoja wa utekelezaji) huhudumia maombi mengi kwa zamu, ikiliacha lile linalosubiri mtandao na kulishika lililo tayari kuendelea. Ilianzishwa na Nathaniel J. Smith, toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2017, na hutolewa bure chini ya leseni za MIT na Apache 2.0, mtumiaji akichagua mojawapo. Maktaba hii ina mengi ndani yake, lakini hapa nitaipima kwa jambo moja ambalo naamini ndilo linaloamua kama seva itastahimili siku ya msongamano: inafanya nini huduma nyingine inapochelewa kujibu, na inafanya nini kazi iliyokwisha kuanza inapopaswa kuachwa katikati. Katika jambo hilo Trio ni bora kuliko maktaba nyingine yoyote ya Python niliyowahi kuifanyia kazi, na ubora huo una gharama ambayo msomaji anastahili kuifahamu kabla ya kuichagua.

Ili tathmini isielee hewani, tuichukue seva inayouza tiketi za mabasi ya mikoani. Abiria wa Dar es Salaam anayetaka kwenda Mbeya huchagua kiti kwenye simu yake. Seva huwasiliana na mfumo wa kampuni ya basi ili kukishikilia kiti hicho, hutuma ombi la malipo kwa mtandao wa simu, humsubiri abiria aweke namba yake ya siri, huandika tiketi katika hifadhidata, kisha hutuma ujumbe mfupi wenye namba ya tiketi. Karibu kila hatua inategemea mashine ya mtu mwingine. Mashine hiyo ikikataa ombi hakuna tatizo kubwa, kwa kuwa kukataa ni jibu na programu inajua la kufanya. Shida ni mashine inayonyamaza: imepokea ombi, haijibu, wala haikati muunganisho. Seva isiyo na kikomo cha muda itaendelea kuisubiri, na wakati wote huo imeshikilia kumbukumbu, imeshikilia muunganisho mmoja wa hifadhidata kati ya michache iliyopo, na imekishikilia kiti ambacho abiria mwingine angekinunua. Maombi ya namna hiyo yakiongezeka, huduma nzima husimama ingawa hakuna hata sehemu moja iliyoripoti hitilafu.

Zana za kawaida za Python hazimsaidii sana mwandishi wa programu katika hali hii. Maktaba ya requests, ya kutumia kutuma maombi ya HTTP, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyoanzia, haiweki kikomo chochote mpaka uiambie. HTTPX, maktaba nyingine ya kazi hiyohiyo, ina busara zaidi, kwani huweka sekunde 5 bila kuombwa, lakini hata hizo huhesabiwa kwa ukimya wa mtandao, si kwa muda wa ombi zima. Requests nayo huhesabu hivyohivyo ukiipa kikomo. Maana yake ni kwamba mfumo unaodondosha baiti chache kila baada ya sekunde 4 unaweza kukukalisha nusu saa bila kuvuka kikomo hata mara moja. Kipengele cha proxy_read_timeout cha Nginx, programu inayokaa mbele ya seva na kupokezana nayo maombi, ambacho kisipoguswa huwa sekunde 60, hupimwa kwa namna hiyo pia, kati ya usomaji mmoja na unaofuata. Juu ya hayo kuna tatizo la kujumlisha. Ukiipa kila hatua ya tiketi sekunde 15, na hatua mbili kati yake zikarudiwa mara tatu zinaposhindikana, hakuna tena mtu katika timu anayeweza kusema kwa uhakika abiria atasubiri muda gani. Abiria mwenyewe hana habari na hatua zetu. Ana muda mmoja tu kichwani mwake, nao ukiisha anabonyeza upya, na hapo seva inapata kazi maradufu katika saa ileile ambayo imelemewa.

Trio inaanzia kwenye muda huo mmoja. Kikomo huwekwa kwenye kipande cha msimbo, na kila kilichomo ndani ya kipande hicho hukitii:

    with trio.fail_after(45):
        kiti = await shikilia_kiti(safari, namba)
        malipo = await omba_malipo(simu, nauli)
        tiketi = await andika_tiketi(kiti, malipo)

    with trio.move_on_after(5):
        await tuma_ujumbe(simu, tiketi)

Muda ukiisha, fail_after hutoa hitilafu ya TooSlowError, nayo yafaa pale ambapo kazi isiyokamilika haina thamani. Kwa upande wake move_on_after hutoka kimyakimya na kuendelea na mstari unaofuata, ikikuachia alama iitwayo cancelled_caught ili ujue kama kikomo ndicho kilichokutoa. Hiyo yafaa kwa ujumbe mfupi, maana tiketi ni halali hata kama ujumbe haujafika. Trio huzigeuza sekunde ulizotaja kuwa saa ya mwisho iliyo moja kwa kipande chote, na vipande hivi vinaweza kuwekwa kimoja ndani ya kingine bila hesabu yoyote ya mkono: cha ndani kikipewa sekunde 20 na cha nje kikawa kimebakiwa na 8, ni zile 8 zitakazotawala. Fanksheni ya kushikilia kiti haihitaji kupokea kikomo, haihitaji kukipitisha kwa fanksheni inazoziita, wala mwandishi wake hahitaji kujua kwamba kikomo kipo.

Wanaotoka kwenye lugha ya Go watalinganisha hili na kifurushi cha context, kilichoingia katika maktaba sanifu ya lugha hiyo kwenye toleo la 1.7 mwaka 2016. Kule saa ya mwisho hupitishwa waziwazi, na desturi ni kuiweka iwe kitu cha kwanza ambacho fanksheni inapokea. Ninakubali kwamba uwazi huo una faida, kwa kuwa ukisoma mstari wa kwanza wa fanksheni unajua mara moja kama inaweza kughairiwa. Tatizo lake ni kwamba mnyororo hukatwa na mtu mmoja aliyesahau, au aliyeandika maktaba yake bila kuupokea muktadha huo, na mara nyingi kasoro hiyo hujulikana siku seva inapokwama. Trio imeuondoa mzigo huo mikononi mwa waandishi wote wa katikati na kumwachia mmoja tu, yule anayejua abiria anaweza kusubiri kwa muda gani.

Kinachotokea kikomo kinapofika kinastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu hapo ndipo ubora wa maktaba hii ulipo. Kipande cha msimbo huhesabiwa kuwa kimeghairiwa, na mahali ambapo programu inasubiri kitu kupitia Trio hutokea hitilafu iitwayo Cancelled. Hitilafu hiyo hupanda ngazi kwa ngazi, ikifunga faili na kuachia kufuli njiani, mpaka inapofika kwenye ukingo wa kipande kilichoghairiwa, ambako Trio huipokea yenyewe. Imetokana na BaseException badala ya Exception, ukoo wa hitilafu za kawaida, kwa hiyo ule mtindo tuliouzoea wa kukamata kila hitilafu na kuiandika kwenye logi hauwezi kuimeza kwa bahati mbaya. Lililo kubwa zaidi ni kwamba hali ya kughairiwa hudumu. Msimbo ukiikamata Cancelled na kujaribu kuendelea, kusubiri kokote kunakofuata ndani ya kipande kilekile kutaileta tena, na tena, mpaka msimbo utoke.

Katika asyncio, maktaba inayokuja pamoja na Python tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014, kughairi ni tukio la mara moja. CancelledError hutupwa ndani ya kazi mahali inaposubiri, na ikimezwa na except moja iliyoandikwa bila uangalifu, kazi huendelea kana kwamba hakuna aliyeitaka isimame. Kabla ya toleo la 3.8 la mwaka 2019 hatari ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa CancelledError ilikuwa bado katika ukoo wa Exception. Haki itendeke: asyncio imesogea mbele sana. Toleo la 3.11 la mwaka 2022 lilileta asyncio.timeout na TaskGroup, zote mbili zikiwa na sura inayofanana na ya Trio, na katika toleo la 3.12 ile wait_for ya zamani iliandikwa upya juu ya asyncio.timeout. Anayeanza leo na asyncio yuko mahali pazuri kuliko sisi tulioanza nayo mapema. Hata hivyo msingi wa chini haujabadilika, na usalama wa seva bado unategemea nidhamu ya kila mtu aliyeandika except katika kila maktaba uliyoiingiza.

Kikomo cha muda kisingekuwa na maana kama kazi zingeweza kukitoroka, na hapa Trio ni kali. Haina njia ya kawaida ya kurusha kazi pembeni na kuisahau. Kazi yoyote inayokwenda sambamba na nyingine sharti ianzishwe ndani ya kundi linalofunguliwa kwa open_nursery, na kipande hicho cha msimbo hakimaliziki mpaka kazi zote za kundi ziwe zimemalizika. Moja ikianguka kwa hitilafu, zilizobaki hughairiwa. Kikomo cha nje kikifika, zote hughairiwa pamoja. Seva yetu ikiziuliza kampuni tano za mabasi kwa wakati mmoja kama zina viti, na ikiwa imejipa sekunde 6, basi muda huo ukiisha itakuwa na majibu yaliyowahi kufika, na haitakuwa na kazi yatima zinazoendelea kuvuta mtandao bila mwenyewe. Katika asyncio, kazi iliyoanzishwa kwa create_task nje ya kundi huendelea kuishi hata kikomo cha aliyeianzisha kikishapita. Tena mfumo huishika kwa marejeo dhaifu tu, ndiyo maana nyaraka zake zinaagiza uihifadhi mahali, vinginevyo inaweza kufagiliwa kabla haijaisha. Hitilafu za aina hiyo ni ngumu kuzikamata, kwa sababu huonekana pale seva inapokuwa na mzigo halisi na kutoweka mtu anapozitafuta kwenye kompyuta yake.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote ni usafi wa mwisho. Kiti kilichoshikiliwa hakina budi kuachiwa safari ya ununuzi isipokamilika, na kukiachia kunahitaji kuwasiliana tena na kampuni ya basi, yaani kusubiri mtandao. Lakini tumo ndani ya kipande kilichokwisha kughairiwa, ambamo kila kusubiri huleta Cancelled papo hapo. Anayeandika await (neno la kusubiri) ndani ya finally, sehemu ya msimbo inayoendeshwa daima mwishoni, bila kulijua hili ataona viti vikibaki vimeshikiliwa kila kikomo kinapofika, ingawa msimbo wa kuviachia upo na umepita majaribio yote ya hali ya kawaida. Trio inatoa kinga kwa ajili hiyo:

    try:
        malipo = await omba_malipo(simu, nauli)
    except BaseException:
        with trio.move_on_after(3, shield=True):
            await achia_kiti(kiti)
        raise

Kinga huzuia ughairi wa nje usipenye, na zile sekunde 3 huhakikisha kwamba kinga yenyewe haigeuki kuwa mahali pa kukwama. Ningesisitiza jambo hili kwa kila anayeanza: kinga isiyo na kikomo hurudisha ugonjwa uleule tuliokuja kuutibu, na huurudisha mahali ambapo hakuna kikomo cha nje kinachoweza kuufikia. Neno raise la mwisho nalo ni la lazima, ili Cancelled iendelee na safari yake. Programu ya flake8-async, ambayo hukagua msimbo kabla haujaendeshwa, hutambua await iliyomo ndani ya finally bila kinga na hutambua except inayoimeza Cancelled bila kuirusha tena. Mimi ningeihesabu kuwa sehemu ya kifurushi, kwa sababu kanuni hizi ni rahisi kuzielewa na ni rahisi vilevile kuzisahau saa tatu usiku.

Msimbo huo hapo juu ni sahihi kwa Trio, lakini haumtendei haki abiria, na hili ndilo ningependa msomaji alitafakari kwa muda mrefu kuliko yote niliyoyaandika. Ombi la malipo likishaondoka kwenye seva yetu, kulighairi kwetu hakulirudishi. Cancelled inasema kwamba tumeacha kusubiri, basi. Haisemi kwamba ombi halikufika, haisemi kwamba abiria hakuweka namba ya siri, wala haisemi kwamba fedha hazikuhama. Kwa malipo yanayomtokezea mteja dirisha la namba ya siri kwenye simu, kama yale ya M-Pesa nchini Kenya, jibu la mwisho hurudi baadaye kwenye anwani ambayo seva iliitaja ilipotuma ombi, na linaweza kufika sekunde chache baada ya sisi kukiachia kiti na kumuuzia mtu mwingine. Abiria wa kwanza atakuwa amelipa nauli ya kiti kisichokuwepo.

Nyaraka za Trio ni za kweli kuhusu mpaka huu. Zinaeleza kwamba send_all, fanksheni ya kutuma data, ikighairiwa katikati huwezi kujua ni baiti ngapi zilikwisha kutoka, na kwamba muunganisho huo haufai tena kutumiwa kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa hifadhidata ya PostgreSQL hali inafanana: kuacha kusubiri jibu hakusimamishi hoja inayoendelea upande wa hifadhidata, kwani kuisimamisha kunahitaji ombi maalumu linalopelekwa kwa muunganisho mwingine, au statement_timeout iliyowekwa ili hifadhidata ijisimamishe yenyewe. Mfumo wa gRPC, unaowezesha programu moja kuita fanksheni za mashine nyingine, ni miongoni mwa michache inayosafirisha muda uliobaki pamoja na ombi, ili mashine ya pili nayo ijue lini iache. Nje ya mifumo ya aina hiyo, kughairi ni uamuzi wa upande mmoja.

Kwa sababu hiyo seva ya tiketi inapaswa kuandika katika hifadhidata, kabla ya kutuma ombi la malipo, mstari wenye namba yake yenyewe ya muamala na hali ya kusubiri. Kikomo kikifika, hali hiyo hubadilishwa kuwa "haijulikani", na kamwe isiwe "imeshindikana". Kiti huendelea kushikiliwa. Abiria huambiwa ukweli kwamba malipo yake yanathibitishwa. Kazi nyingine, iliyo nje ya ombi la abiria na yenye kikomo chake, huuliza hali ya muamala kwa namba ileile mpaka ipate jibu la ndiyo au hapana, na hapo tu ndipo kiti huachiwa au tiketi huandikwa. Ombi likirudiwa, lirudiwe kwa namba ileile, ili mfumo wa malipo unaotambua marudio usimtoze mtu mara mbili. Trio inakupa mahali safi pa kuandikia mantiki hii, kwa kuwa unajua kwa hakika kila kipande kilipoanza, kilipoghairiwa na kilichobaki. Kuifikiria mantiki yenyewe ni kazi ya mwandishi.

Kanuni hiyohiyo yahusu abiria anayefunga ukurasa au anayepotelewa na mtandao. Nginx huandika namba 499 kwenye logi mteja anapokata muunganisho kabla ya kupata jibu, na mtu akizitazama namba hizo siku ya msongamano ataona ni kazi ngapi seva imefanya kwa ajili ya watu walioondoka. Katika Trio ni rahisi kuweka kazi moja isikilize kuondoka kwa mteja na nyingine ifanye alichokiomba, ile ya kwanza ikighairi kundi zima kwa kuita cancel ya eneo lake, yaani kile kipande cha msimbo kinachoghairiwa kwa pamoja. Kwa utafutaji wa viti hilo ni jema na linaokoa rasilimali nyingi. Baada ya ombi la malipo kutumwa, ni kosa. Mpaka kati ya sehemu inayoruhusiwa kughairiwa na isiyoruhusiwa unapaswa kuonekana kwenye msimbo kwa macho, na Trio inauonyesha kwa sababu kila eneo ni kipande kilichoingizwa ndani chenye mwanzo na mwisho.

Kuhusu msimbo usio wa asinkroni, matarajio yawe ya wastani. Trio hughairi mahali programu inaposubiri kupitia kwayo tu; fanksheni inayokokotoa kwa sekunde 10 bila await hata moja itamaliza sekunde zake 10, kikomo kikiwa kimepita zamani, na kazi nyingine zote zitakuwa zimesimama. Kazi za namna hiyo hupelekwa kwenye thredi kwa to_thread.run_sync, ambayo bila kubadilishwa huruhusu thredi 40 kwa wakati mmoja. Python haina njia salama ya kuiua thredi, kwa hiyo Trio hungoja iishe hata kama kikomo kimefika, isipokuwa ukiiambia abandon_on_cancel=True, ambapo huiacha thredi iendelee na kulitupa jibu lake. Ningelichagua hilo la pili kwa kusoma tu, kwa mfano kutafuta anwani ya mtandao, na kamwe si kwa kitu kinachoandika.

Zawadi ambayo sikuitarajia imo katika moduli ya majaribio. MockClock ni saa ya bandia, na ukiipa autojump_threshold=0 huruka mbele kila kazi zote zinapokuwa zinasubiri muda upite. Jaribio la abiria aliyekaa sekunde 45 bila kuweka namba ya siri huisha mara moja, na huisha vilevile kila linapoendeshwa. Timu nyingi haziandiki majaribio ya kikomo cha muda kwa sababu ni ya polepole na hayatabiriki, na matokeo yake msimbo wa kushughulikia ucheleweshaji ndio usiowahi kuendeshwa mpaka siku ya balaa. Kwa saa hii kisingizio hicho hakipo. Hata kama Trio isingekuwa na kingine chochote, kipengele hiki kingenivuta.

Gharama yake ni majirani. Maktaba nyingi za asinkroni za Python zimeandikwa kwa ajili ya asyncio pekee: aiohttp haiendeshwi na Trio, wala asyncpg ya kuzungumza na PostgreSQL. HTTPX inafanya kazi kote kuwili, Hypercorn, programu ya kuendeshea seva za HTTP, inaweza kufanya hivyo juu ya Trio, na daraja la trio-asyncio lipo kwa wanaolazimika kuchanganya, lakini daraja huongeza sehemu moja zaidi ya kuchunguza mambo yanapoharibika. Makundi ya hitilafu nayo yanahitaji kuzoewa. Kazi kadhaa zinapokwenda sambamba zinaweza kuanguka pamoja, kwa hiyo tangu toleo la 0.25 la mwaka 2024 kundi la kazi hurudisha ExceptionGroup daima, hata hitilafu ikiwa moja, na msimbo wa zamani wenye except ya kawaida hauikamati. Njia ya kawaida ni kuandika except* iliyokuja na Python 3.11. Uamuzi huo ni sahihi, ingawa kuhamia kwake kunachosha. Kuna pia mtego wa kutumia yield ndani ya jenereta ya asinkroni ukiwa katikati ya eneo la kikomo au kundi la kazi, kwani ughairi unaweza kutokea mahali usipotarajiwa. Flake8-async hulionya hilo, na lichukuliwe kama katazo. Nyaraka zimeandikwa kwa Kiingereza tu, lakini kwa upole na mifano ya kutosha, na sura ya kwanza ya mafunzo hufundisha programu ya asinkroni kwa mtu asiyewahi kuigusa. Namba ya toleo bado huanza na sifuri, jambo ambalo lisimtishe mtu, kwa kuwa mabadiliko yanayovunja msimbo hutanguliwa na maonyo.

Kwa seva mpya ambayo mahitaji yake ni HTTP na huduma chache za nje, ningeichagua Trio bila kusita. Kwa seva iliyokwisha kujengwa juu ya FastAPI, zana maarufu ya Python ya kujengea huduma za HTTP, nisingeshauri kuandika upya. FastAPI imejengwa juu ya Starlette, na Starlette tayari hutumia AnyIO, maktaba ya Alex Grönholm iliyoleta mtindo wa Trio juu ya asyncio: ina move_on_after na fail_after zake, ina makundi ya kazi, na hurudia kuuleta ughairi mpaka kazi itoke katika eneo lake. Timu inaweza kuanza kesho kwa kuuzungushia anyio.move_on_after mwito wa ujumbe mfupi, kisha utafutaji wa viti, ikiacha njia ya malipo iwe ya mwisho, baada ya namba ya muamala na hali ya "haijulikani" kuwa zimeshaingia katika hifadhidata.